Kadi ya Michezo: Ikague Kabla ya Kuilipia

Jioni zamu inapokwisha na ukungu kuteremka kutoka milima ya Rwenzori, askari wengi wa Kasese na Bwera hukusanyika mbele ya televisheni ya kantini kucheza kandanda ya mashine. Burudani hiyo hatuna neno nayo, kwani askari aliyechangamka na wenzake saa ya mapumziko husimama vema zamuni. Lakini iko hasara moja inayotuandama mara kwa mara, nayo hutoka katika kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba: kadi ya kumbukumbu.

Tutoe mfano uliotufika wenyewe. Siku moja tulichangishana, tukanunua katika duka moja kadi iliyoandikwa GB 512 kwa bei ya kadi ya GB 32. Tulijiona werevu. Michezo michache ya kwanza ilicheza vizuri, lakini iliyofuata ilionyesha majina tu katika orodha. Ukiifungua, kioo hubaki cheusi. Lililotuuma zaidi ni kwamba mwenzetu mmoja alikuwa amehifadhi humo picha za mazishi ya mama yake. Zilipotea, wala hazikurudi.

Ni vema kueleza jinsi udanganyifu huo unavyofanyika. Ndani ya kila kadi mna kidhibiti kinachoiambia kompyuta ukubwa wa ghala lake. Mghushi hukifundisha kidhibiti kusema uongo: ghala ni la GB 8, chenyewe hutamka 512. Kompyuta huamini na kuendelea kuandika. Ghala la kweli likijaa, mzigo mpya hufuta ule wa zamani, au hupotelea hewani, huku majina yakibaki katika orodha kama askari hewa katika daftari la mishahara.

Sasa tutazame mashine yenyewe. Tunayozungumzia hapa ni PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000, na ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Kwa kuwa jicho lake la kusomea diski huchoka, mafundi huigeuza isome michezo kwa njia nyingine. Kadi yake ndogo ya MB 8 hutiwa programu iitwayo Free McBoot, na michezo hukaa katika kadi ya kawaida iliyochomekwa kwenye mlango wa USB kwa kifaa cha kusomea. Zile nyembamba za mwisho, zenye namba inayoanza SCPH-9000, nyingi hukataa programu hiyo. Geuza mashine na usome namba hiyo kabla ya kumlipa fundi.

Mlango wa USB wa mashine hii ni wa kizamani: haupitishi zaidi ya MB 1.5 kwa sekunde. Kwa hiyo anayelipa ziada kwa kadi yenye alama ya U3, yaani iandikayo si chini ya MB 30 kwa sekunde, hapati mchezo wa kasi zaidi. Anapata nafuu wakati wa kunakili tu. Kadi yenye namba 10 ndani ya duara, iandikayo si chini ya MB 10 kwa sekunde, inatosha. Aidha, kadi ya GB 32 hupokea michezo sita hata kama kila mmoja ungejaza diski yake ya GB 4.7, na kwa kuwa michezo mingi ni midogo kuliko hapo, huingia zaidi. Kadi hiyo huandaliwa kwa mpango wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufikia GB 4. Mchezo mkubwa hauna budi kugawanywa kwa programu maalumu. Hali kadhalika, nakili katika kadi tupu, mchezo mmoja baada ya mwingine, ili faili zisikatike vipande na kukwamisha mashine. Nakili michezo ya diski ulizonunua, kwani sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 hailali kwa sababu tumo kantini.

Baada ya kununua, kadi ipimwe. Programu ya H2testw katika kompyuta ya Windows, au F3 katika Linux, huijaza kadi yote kisha husoma tena kilichoandikwa. Kadi ya GB 32 ikiandika MB 10 kwa sekunde, kuijaza huchukua kama dakika 55. Patana na mwenye duka mapema kwamba ikishindwa atairudisha pesa. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa amekwisha kujibu.

Lipo jambo kubwa kuliko pesa. Bwera ni mlango wa Kongo. Wanaovuka Mpondwe kila siku ni wengi, na duka la kutilia michezo humpokea kila mtu. Askari akimkabidhi fundi kadi yenye picha za lindo, gari au wenzake, amekabidhi zaidi ya michezo. Wala kufuta hakutoshi, maana picha iliyofutwa huweza kufufuliwa hadi nafasi yake iandikwe upya. Sisi tuliomo katika wilaya iliyozika wanafunzi wa shule ya Lhubiriha baada ya shambulio la Juni 16, 2023, hatuna haja ya kuhubiriwa kwa nini adui asijue lindo liko wapi. Kadi ya michezo iwe ya michezo tangu siku ya kwanza, na ya picha za nyumbani ibaki nyumbani.

Ndugu msomaji, hakuna askari apokeaye bunduki ghalani bila kusoma namba yake na kuchungulia mtutu. Kadi nayo ipokelewe hivyo hivyo. Mwenzetu yule sasa hana picha hata moja ya siku ile, na kuipima kadi mapema kungalimwokoa.