Mwaka Kogwa: Wanapigana asubuhi, jioni wanakula sahani moja

KILA inapofika mwishoni mwa Julai, daladala za kwenda Makunduchi hujaa. Watu wa Mji Mkongwe, Ng'ambo na vijiji vya mashamba huelekea kusini mwa Unguja, karibu kilomita 60 kutoka mjini, kwenda kusherehekea Mwaka Kogwa.

Watoto wengi wa mjini wanaifahamu sherehe hii kwa video za kwenye simu tu. Wanaona wanaume wakipigana, kibanda kikiwaka moto na akina mama wakiimba. Wakiuliza kwa nini watu wazima wanapigana, hujibiwa kwamba ni mila, na mazungumzo yanaishia hapo. Ni hasara, kwa sababu ndani ya mila hii limo somo ambalo nyumba nyingi zinalihitaji: namna ya kumaliza ugomvi.

Mwaka wa miongo

Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa Kishirazi, wenye asili moja na Nauruz ya Wairani. Jina lake linatokana na kukoga, yaani kuoga. Mtu anajisafisha na ya mwaka uliopita ili aanze upya.

Kwa wazee wa pwani, siku hiyo haikuwa ya ngoma peke yake. Kuanzia Siku ya Mwaka, siku zilihesabiwa kwa makundi ya kumi kumi, yaani miongo. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini atayarishe shamba na mvuvi alijua pepo zinabadilika lini. Mwezi wa Kiislamu ulitumika kwa ibada, na miongo ikatumika kwa jembe na ngalawa.

Kipigo chenye mpaka

Katika uwanja wa Kae Kuu, wanaume wa pande mbili, kusini na kaskazini, hukabiliana kwa mabua ya migomba. Bua la mgomba ni laini, limejaa maji na huvunjika upesi. Linauma, lakini halikukusudiwa kujeruhi. Mwenye hasira na mwenzake hupata nafasi ya kuitoa hadharani, mbele ya wazee na majirani, kwa silaha dhaifu na kwa muda mfupi.

Baadaye hujengwa kibanda cha makuti. Mganga huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio huku watu wakiutazama moshi unaelekea wapi. Mwaka wa zamani umeungua pamoja na yaliyokuwemo. Akina mama waliovaa nguo zao nzuri hupita wakiimba, na nyimbo zao nazo husema yale ambayo siku nyingine yangenyamaziwa.

Ukitazama vizuri, ugomvi huu umepewa siku yake, mahali pake, mashahidi wake na mwisho wake. Magomvi ya majumbani yanakosa hayo yote. Ndugu wawili wanaogombea kiwanja cha marehemu baba yao wanaweza kukaa miaka kumi bila kusalimiana, wakikwepana hata msibani, kwa sababu hakuna siku iliyowekwa ya kusema "sasa basi".

Kinyongo na mwili

Hasira inapokaa muda mrefu, mwili hubaki katika hali ya tahadhari. Moyo huenda mbio, presha hupanda, usingizi hukatika na kichwa huuma. Kwa mtu mwenye presha au kisukari, msongo wa mawazo huweza kuifanya hali iwe ngumu zaidi kuidhibiti. Watoto nao huathirika. Mtoto anayekatazwa kwenda kwa ami yake bila kuelezwa sababu huubeba ugomvi asioujua.

Dawa ya Makunduchi haiishii kwenye mabua. Baada ya kipigo watu hula pamoja, na kila nyumba hutaka mgeni. Kukosa mgeni siku ya mwaka huonekana ni jambo la unyonge. Sherehe, ambayo kwa asili ni ya siku nne, huendelea kwa chakula, ngoma na kutembeleana. Ni vigumu kuendelea kumchukia mtu uliyekula naye sahani moja.

Hata hivyo, mila hii isitumiwe kufunika udhalimu. Mume anayempiga mkewe, au mtu mzima anayemdhuru mtoto, hana ugomvi wa kusuluhishwa kwa pilau. Hilo ni kosa la jinai. Mahali pake ni polisi na vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyomo hospitalini, kikiwemo cha Mnazi Mmoja, ambako aliyedhurika hupata matibabu, ushauri na msaada wa kisheria pamoja.

Ukienda na watoto

Waeleze maana ya sherehe kabla ya kuondoka nyumbani, ili wasidhani wanakwenda kutazama fujo. Simama nao mbali na wanaopigana, na upande ambao upepo hauwaletei moshi wa kibanda. Mwenye pumu achukue dawa yake. Beba maji ya kutosha. Aliyepigwa kichwani kisha akatapika, akasinzia au akachanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja.

Usiku mkirudi, waulize wameona nini na wameelewa nini. Mila hubaki hai pale watoto wanapojua sababu yake. Wasipoijua, watabaki na video.

Na familia isiyoweza kufika Makunduchi inaweza kujiwekea siku yake kila mwaka. Wakubwa wakae, kila mmoja aseme linalomuuma bila kukatizwa, mzee anayeheshimiwa asimamie, kisha chakula kiandaliwe. Simu ya kwanza ipigwe kwa yule ambaye hamjazungumza naye siku nyingi.