Oili ya tustroki: Rangi haisemi kitu, soma herufi nyuma ya chupa

Jioni kwenye mialo ya Ziwa Victoria, kabla mitumbwi ya dagaa haijatoka, kuna kazi moja inayofanywa haraka haraka: kuchanganya mafuta. Dumu la petroli linafunguliwa, oili inamiminwa kwa kukadiria, dumu linatikiswa kidogo, safari inaanza. Ile oili ni ya aina gani, mara nyingi hakuna anayeuliza. Dukani iliombwa "oili ya tustroki, ile ya bluu", basi.

Swali linakuja baadaye, injini ikinoki saa nane usiku, kilomita kadhaa kutoka nchi kavu, na waliomo ndani hawana ila kasia.

Tustroki, yaani injini za mipigo miwili, bado ni nyingi Afrika Mashariki. Kuna injini za boti kama Yamaha Enduro, chenso za kukatia miti, mashine za kufyekea majani, vijenereta vidogo vya kuwashia taa na tivii, na pikipiki za zamani kama Yamaha AG100 walizokuwa wakiendesha mabwana shamba. Bodaboda za siku hizi karibu zote ni fostroki na hazihusiki hapa. Oili ya bodaboda inakaa chini ya injini, na petroli yake haichanganywi na kitu.

Tustroki haina hifadhi hiyo chini. Petroli na hewa hupita kwanza kwenye chumba cha krenki, chini ya pistoni, ndipo zinapanda juu kwenda kuungua. Njiani, oili iliyomo ndani ya petroli inapaka krenki, beringi na kuta za silinda. Kisha nayo inaungua na kutokea kwenye ekzosi. Kwa hiyo oili hii ina kazi mbili: ilainishe, halafu iungue bila kuacha uchafu. Tofauti kubwa kati ya chupa na chupa iko kwenye hiyo kazi ya pili.

Inapoozwa na maji au na hewa?

Hilo ndilo swali la kwanza, kabla hata ya bei.

Injini ya boti hupoozwa na maji ya ziwa au ya bahari. Silinda yake haipati joto kali sana, lakini inakimbia kwa kasi ileile saa nyingi bila kupumzika. Oili nyingi za injini nyingine huwekewa viungo vya kusafisha vyenye madini, na madini yakiungua huacha majivu. Kwenye injini ya boti majivu hayo hujijenga juu ya pistoni, yanawaka kama kaa la moto, na petroli inalipuka kabla plagi haijatoa cheche. Hali hiyo ikiendelea inaweza kutoboa pistoni katikati.

Ndiyo maana oili ya boti hutengenezwa bila viungo vya majivu. Alama yake ni TC-W3, inayotolewa na NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani. Hiyo W inasimama kwa maji. Kama chupa haina herufi hizo, si oili ya boti, hata ikiwa na picha ya boti.

Chenso ni habari nyingine kabisa. Inapoozwa na upepo wa feni yake, inafanya kazi kwenye vumbi la mbao, na silinda yake inapata joto kubwa zaidi. Mkata mbao wa Sao Hill kule Mufindi akitumia oili ya boti kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, oili hiyo haihimili joto la pale. Inaganda kwenye mifereji ya ringi, ringi zinanata, mgandamizo unapungua, na mashine inaanza kukataa kuwaka ikiwa ya moto. Stihl na Husqvarna, kampuni mbili zenye chenso nyingi, zinakataza kwenye vitabu vyao oili ya boti na vilevile oili ya fostroki.

Kwa mashine zinazopoozwa na hewa, herufi za kutafuta ni JASO, kipimo cha Wajapani. FB ni daraja la chini. FC inatoa moshi kidogo na haizibi ekzosi haraka. FD ni kama FC ila inasafisha zaidi pistoni ikiwa na joto kali. Kwenye chupa nyingine utakuta ISO-L-EGB, EGC au EGD, ambazo zinakaribiana na hizo tatu kwa mpangilio uleule. Ukiona API TC peke yake, hicho ni kipimo cha zamani cha Wamarekani. Si kibaya, ila hakimwambii mnunuzi lolote kuhusu moshi.

Kwa mtu anayeshinda msituni na chenso, FD inastahili pesa inayozidi. Kwa mashine ya kufyekea uwanja mara moja kwa wiki, FC inatosha.

Kuhusu rangi: bluu, kijani au nyekundu ni rangi tu iliyotiwa kiwandani ili mtu akitazama dumu ajue petroli imeshachanganywa. Haionyeshi ubora, wala haisemi kama ni ya boti au ya chenso. Na rangi ni kitu rahisi kuiga. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, bila lebo, hata iwe bluu kama bahari ya Mafia, mnunuzi hana namna ya kujua ameuziwa nini.

Vipi ukikosa, utumie oili ya gari? Wapo wanaofanya hivyo, na injini haifi siku hiyo, jambo linalowapa moyo. Lakini oili ya fostroki haikutengenezwa iyeyuke ndani ya petroli. Dumu likitulia, sehemu yake inashuka chini, hivyo injini inapata oili nyingi mwanzoni na kiasi kidogo baadaye. Tena ina madini mengi, kwa hiyo majivu ni yale yale. Oili chafu iliyomwagwa kwenye gari ni mbaya zaidi, maana inakuja na vipande vya chuma vilivyosagika.

Kipimo ni hesabu, si kizibo

Oili sahihi ikipimwa vibaya haisaidii. Injini nyingi hutumia 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Dumu la lita 20 linataka mililita 400, na chupa ya lita moja inatosha lita 50 za petroli. Zinazotumia 25 kwa 1 zinataka mara mbili yake: mililita 800 kwa dumu lilelile. Injini mpya ya boti kwa kawaida huongezewa oili kwa saa za mwanzo, halafu inarudi kwenye kipimo chake. Kitabu cha injini kinasema ni kiasi gani, na kitabu kikisema tofauti na jirani wa mwaloni, kitabu ndicho cha kufuata.

Oili ikipungua, pistoni inavimba kwa joto, inakwaruza silinda na kushika. Hapo fundi atazungumzia kupanua silinda na kuweka pistoni ya ovasaizi. Kuongeza oili nyingi "kwa usalama" nako kuna gharama: plagi inalowa, masizi yanaziba ekzosi, na kwa kuwa oili imechukua nafasi ya petroli, mchanganyiko unaoungua unakuwa na petroli pungufu.

Pikipiki kama AG100 hazichanganyiwi kabisa kwenye tangi. Zina tangi dogo la oili na pampu inayochanganya yenyewe. Kinachotakiwa ni kuhakikisha hilo tangi dogo halikauki.

Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi ni bora usitumike, maana petroli yenyewe inachoka. Na dumu litikiswe kila mara kabla ya kumimina.

Mwenye mashine anaweza kukagua mwenyewe bila kwenda kwa fundi. Injini ikishafanya kazi ya kutosha, azime, asubiri ipoe, afungue plagi atazame ncha yake. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu maana yake oili imezidi, au kabureta inamwaga petroli. Nyeupe iliyokauka ni hatari: injini inaungua kwa joto, huenda hewa inaingia mahali pasipotakiwa au jeti ya kabureta imeziba. Hapo kuongeza oili hakutibu kitu, na boti isitoke usiku huo mpaka kabureta ifunguliwe.