Majina yetu kwenye kuta za watu

Waulize watu wa Muscat au Dubai mwaka huu wamekwenda wapi likizo, hukosi kusikia Armenia. Ndege ni kama saa tatu tu, baridi ipo wakati sisi huku tunaungua, na chakula hakina taabu: mkate wa moto, jibini, mboga mbichi, mishkaki kila kona, mradi uulize kwanza ni nyama ya nini. Mimi nilikwenda na familia ya kaka yangu, gari moja la kukodi, watoto wanne nyuma, na chupa ya chai inayozunguka tangu asubuhi.

Siku ya tatu tuliondoka Ziwa Sevan tukashika njia ya kusini. Njia hiyo inapanda milima mpaka juu kabisa, zaidi ya mita 2,400, na ukishaanza kuteremka tu unaliona jengo la mawe meusi, refu, lisilo na madirisha, limekaa peke yake juu ya bonde. Ndiyo karavanserai ya Selim. Wazee wetu wangeiita musafirkhana: nyumba ya kulala wasafiri na wanyama wao, wakati biashara ikipita hapa kwa ngamia, farasi na punda. Ilijengwa mwaka 1332 na mwana wa kifalme wa ukoo wa Orbelian, aitwaye Chesar, kwa mali yake mwenyewe.

Haya nayajua kwa sababu yameandikwa hapo hapo mlangoni, yamechongwa kwenye jiwe. Ndani kuna maandishi ya Kiarmenia, na nje, juu ya mlango, baina ya fahali na mnyama mwenye mabawa, kuna maandishi ya Kiajemi kwa herufi za Kiarabu. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka kumi na moja, alianza kuyasoma kwa sauti kama yuko chuoni, akakwama, maana herufi anazijua lakini lugha siyo. Maandishi ya Kiarmenia yanamtaja mtawala wa Wamongolia wa zama hizo, Khan Abu Said. Watoto wakaruka: "Ami, kumbe Al Busaidi walifika mpaka huku?" Hapana jamani, majina yamefanana tu. Mwisho wa maandishi, mjenzi anawaomba wapita njia wamkumbuke kwa dua.

Tukaingia ndani. Giza, mwanga unashuka kwenye matundu ya paa, mabirika ya mawe ya kulishia wanyama bado yapo baina ya nguzo. Kaka akawasha taa ya simu, na hapo ndipo tukaona kuta zenyewe. Majina. Mengine kwa herufi za Kiarmenia, mengine ya Kirusi yenye miaka ya zama za Usovieti, mioyo iliyochomwa mshale, masizi ya mioto iliyowashwa chini. Na pembeni, kwa rangi nyeupe ambayo bado inang'aa, jina kwa herufi za Kiarabu pamoja na jina la mji mmoja wa huku kwetu Ghuba. Mji wenyewe siutaji. Shemeji yangu alisema neno moja tu, "Aibu," akajifunika mtandio vizuri kana kwamba kuna mtu anatutazama.

Sasa yule mtoto akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake tayari. "Ami, kwani yule wa mlangoni naye si ameandika jina lake? Mbona huyo tunamsifu?"

Nimelifikiria sana swali hili, maana ukizunguka Armenia utaona kwamba hiyo ni nchi ya kuandika ukutani. Kuta za makanisa na nyumba za watawa zimejaa maandishi: fulani ametoa shamba la mizabibu, fulani ametoa kinu, fulani kajenga daraja. Ni daftari la wakfu, ila daftari lenyewe ni jiwe. Pale Garni, hekalu la zama za wapagani lililo karibu kilomita 30 kutoka Yerevan, kuna maandishi ya mwaka 1291 yanayowasamehe wenyeji kodi ya mvinyo, mbuzi na kondoo. Ebu fikiria, tangazo la serikali la kufuta kodi, na bado linasomeka. Tena hapo hapo Garni kuna maandishi ya Kiarabu ambayo wataalamu wanayakadiria kuwa ya karne ya 9 au ya 10. Kwa hiyo si kweli kwamba kila herufi ya mgeni ni uharibifu.

Lakini yule wa mlangoni alitoa kwanza, ndipo akaandika. Nyumba ni yake, fundi ni wake, na nafasi ya maandishi ilipangwa tangu jengo linajengwa. Huyu wa rangi nyeupe hakutoa hata jiwe moja. Na hata nikikubali kwamba wapita njia wa zamani nao walikwaruza kuta, wao walikuwa wachache, wakipita kwa miguu. Leo mabasi yanashusha watu asubuhi mpaka jioni. Kila mmoja akiacha herufi tatu, hilo tangazo la kodi litasomeka wapi?

Wengi hudhani rangi inasafishwa tu. Haisafishiki kirahisi. Majengo mengi ya Armenia ni ya tufu, jiwe la volkano, jepesi, la waridi au la rangi ya machungwa, lenye vitundu vidogo vidogo kama mkate wa kumimina. Rangi inaingia ndani ya vitundu. Ukimimina dawa ya kuyeyusha, rangi inayeyuka na kuzama zaidi. Ukisugua kwa brashi ya waya, unaondoa ngozi ya jiwe, na mvua na barafu ya milimani vinapata pa kuingilia. Waliokulia Mji Mkongwe wa Unguja watanielewa, maana kuta zetu za mawe na chokaa zina tabia hiyo hiyo. Jina lililokwaruzwa kwa ufunguo ndilo baya zaidi: ili kulifuta lazima ulichonge jiwe zima liingie ndani, yaani kuponya jeraha kwa kukata kidole.

Garni wanajua gharama ya jiwe. Hekalu lile lilianguka kwa tetemeko la ardhi la mwaka 1679, likabaki kifusi karibu miaka 300, mpaka liliposimamishwa tena baina ya 1969 na 1975. Palipokosekana jiwe la asili waliweka jipya, wakaliacha bila nakshi, ili mgeni asidanganyike lipi la kale na lipi la jana. Watu waliofanya kazi kwa adabu kiasi hicho, halafu mtu anakuja na kalamu ya wino!

Mbele kidogo ni Geghard, nyumba ya watawa ambayo sehemu yake imechongwa ndani ya mwamba, na tangu mwaka 2000 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hapo shida kubwa niliyoiona ni taka. Wenyeji wana desturi ya kufunga vitambaa kwenye miti kwa nadhiri, na sisi tusiwacheke, wanaoijua mizimu ya pwani wameona vitambaa vyekundu na vyeupe vikining'inia kwenye mibuyu. Zamani kilikuwa kipande cha nguo, kinaoza. Siku hizi mtu anafunga tishu za maji za kufutia watoto, au mfuko wa plastiki, na hiyo haiozi. Armenia imepiga marufuku kuuza mifuko myembamba ya plastiki tangu Januari 2022, lakini mtini bado imo.

Halafu pikiniki. Wenyeji wanapenda kuchoma nyama karibu na maeneo haya, nasi tunawafuata kwa furaha, kwa sababu hakuna Muomani anayeona kivuli na maji yanayotiririka akapita bila kutandika mkeka. Wanapoondoka watu hubaki vikombe vya karatasi, maganda ya alizeti, makaa, na chupa zinazobingirika mpaka bondeni kwenye mto Azat. Nilitazama mkeka wetu wenyewe. Watoto walikuwa wameshatupa maganda ya tikiti nyuma ya jiwe, na mama yao alidhani nimewaona nikanyamaza kwa sababu ni wangu.

Tuliokota. Pipa la karibu lilikuwa limejaa mpaka pomoni, mbwa keshalifungua, kwa hiyo mfuko ukapanda garini, ukakaa miguuni pangu mpaka Yerevan, unanuka tikiti na mishkaki njia nzima. Yule mpwa wangu akasema kama ni hivyo mwakani twende Salalah, angalau kule mapipa anayajua.