Shombo Ameacha Ukuta

Haya, wapwa zangu, sogeeni mkekani. Leo ni kisa cha Shombo, paka wetu wa uani. Jina lake mnajua lilikotoka: mvuvi akipita na ndoo, yeye yuko nyuma.

Shombo ana miaka 14. Zamani, kila alasiri, alikuwa akiruka ukuta wa ua. Hop! Yuko juu, anatazama njia. Siku hizi anasimama chini. Anautazama ukuta. Anaukadiria. Kisha anageuka, anajilaza kando ya mtungi.

"Mjomba, si amezeeka tu?"

Swali hilo nalilipa kashata! Hata wakubwa husema hivyo. Lakini uzee peke yake hauumi. Kinachouma ni ugonjwa unaojificha nyuma ya uzee.

Sikilizeni bawaba ya mlango ule. Kriii! Imechakaa, chuma kinasagana na chuma. Na kiungo cha paka ni bawaba. Kati ya mfupa na mfupa kuna gegedu, laini na lenye utelezi kama nyama ya dafu. Likilika, mfupa hukwaruza mfupa. Mwaka 2002, madaktari wa mifugo wa Marekani walitoa majibu ya picha za eksirei za paka 100 waliovuka miaka 12. Paka 90 walikuwa na viungo vilivyochakaa.

"Mbona basi Shombo halii?"

Mwacheni ajibu mwenyewe: "Mimi nawinda panya, lakini babu zangu nao waliwindwa. Porini, anayelia huliwa. Kwa hiyo sisi hatulii. Sisi tunaacha."

Mmesikia? Paka halii, paka anaacha.

Anaacha kuruka. Anaacha kujilamba mgongoni, maana kujipinda kunauma. Manyoya ya karibu na mkia yanasokotana. Anaacha kukwaruza mti, kucha zinarefuka. Anaacha kuingia kwenye sinia lake la mchanga, anakojoa pembeni. Msimpige! Si jeuri. Ukingo wa sinia umekuwa mlima.

"Lakini Mjomba, ukimkuna bado anakoroma!"

Ah, macho yenu makali! Paka hukoroma kwa raha, na hukoroma kwa maumivu pia. Basi mtazameni uso. Macho yamefumba nusu. Masikio yameangukia pembeni. Sharubu zimekakamaa. Kichwa kimeshuka chini ya mabega. Na akimtia samaki mdomoni kisha akamdondosha, msiseme ameshiba. Huenda ni jino.

"Na mbwa je?"

Mbwa naye anaacha. Anaacha kukimbilia lango kukupokea. Asubuhi anaamka kwa mafungu: miguu ya mbele kwanza, anangoja, ndipo ya nyuma.

"Basi tumpe Shombo panadoli ya Bibi!"

Hapana! Hapana tena! Mwili wa paka hauwezi kuisaga dawa hiyo. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Daktari wa mifugo ndiye anayejua dawa ya paka na kipimo chake. Kazi yenu ni kumweleza alichoacha, na tangu lini. Wakubwa hupita uani, lakini nyinyi mnacheza uani. Nyinyi mnajua Shombo alikuwa akiruka wapi.

Juzi daktari alikuja, akampa dawa. Mimi nikabadilisha sinia, nikaweka lenye ukingo mfupi. Kisha nikapanga matofali chini ya ukuta, kama ngazi.

Shhh, msimwite. Tazameni. Mguu mmoja. Anangoja. Mguu wa pili.

Ukuta bado. Lakini tofali la pili, alasiri hii, ni la Shombo.