'Usahihi' si 'uthabiti': Mita yako ya maji inasema kweli?

KATIKA ploti nyingi za Ruiru na Thika, mwisho wa mwezi huja na ubishi uleule. "Hii mita inakimbia!" analalamika mpangaji. Anayesoma mita naye anajitetea kwamba mita ni sahihi kwa sababu "kila mara inasoma vilevile." Leo tuyapime maneno hayo, maana ndani yake mna kosa la lugha linalogharimu pesa.

Tuanze na 'mita' yenyewe. Neno hili ni kipimo cha urefu, na pia ni kifaa cha kupimia maji au stima. Kwenye bili maana zote mbili hukutana: yuniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au mitungi 50 ya lita 20.

Sasa, 'usahihi' ni kipimo kukaribia kiasi halisi. 'Uthabiti' ni kipimo kutoa jibu lilelile kila unaporudia kupima. Mita yaweza kuwa thabiti katika uongo wake.

Unaweza kujithibitishia mwenyewe. Funga mifereji yote, kisha utazame mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja ndani ya ploti. Mita haina hatia. Ikitulia, andika inachosoma, teka mitungi 10, kisha usome tena. Rudia mara tatu.

Tuseme umeteka lita 200 kila mara, nayo mita ikasoma 210, 211 na 209. Hapo uthabiti upo, usahihi haupo: mita inazidisha kwa asilimia 5. Aliyetumia yuniti 20 anatozwa 21. Mita nyingine ikisoma 188, 215 na 197, wastani wake ni 200 kamili, lakini usidanganyike. Hiyo inayumba, haina uthabiti.

Tahadhari moja: mtungi wa lita 20 ukijazwa hadi mdomoni huingiza zaidi ya lita 20. Utaishutumu mita bure! Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi pima maji kwenye mizani, ukiondoa uzito wa mtungi.

Bili za zamani nazo ni data, usizitupe. Zipange kwa miezi. Matumizi yakiruka mwezi mmoja na kushuka sana mwezi unaofuata, huenda mita haikusomwa, yalikuwa 'makadirio' tu. Yakipanda ghafla na kubaki juu, shuku uvujaji. Yakipungua polepole ilhali watu ni walewale, huenda mita imezeeka, kwani mita kuukuu aghalabu hupunguza. Na pale maji yanaporudi baada ya mgao, hewa iliyo kwenye bomba inaweza kuizungusha mita. Hapo mpangaji anayesema "inakimbia" hajakosea.

Kampuni za maji hufanya hesabu hiyo kwa mtaa mzima: maji yaliyopita kwenye mita kuu hulinganishwa na jumla ya mita za wateja. Hata kwenye visima vya mafuta baharini, jumla ya mita za visima hulinganishwa na mita kuu inayopima mafuta yote. Kwa maji, pengo huitwa 'maji yasiyolipiwa', nalo humeza yaliyovuja, yaliyoibwa na yale ambayo mita hazikuyahesabu. Nchini Kenya pengo hilo limekuwa takriban asilimia 45, ilhali kiwango kinachokubalika ni asilimia 20.

Kwa hivyo ukienda kulalamika, usiseme tu "mita imeharibika." Kauli hiyo haina pa kushikwa. Sema: "Nimepima mara tatu. Hakuna uvujaji, na mita inazidisha kwa asilimia 5. Naomba ikaguliwe." Malalamiko yenye msamiati kamili na hesabu si rahisi kupuuzwa.