Saa Nane ya Kompyuta

Nataka kueleza jambo moja la kompyuta ambalo ni jepesi kulifanya, na ni jepesi zaidi kulikosea. Mimi mwenyewe nililikosea, na waliopata taabu walikuwa watoto wa watu.

Hapa mtaani kwetu, kaskazini mwa Bujumbura, niliombwa kuisaidia shule moja iliyoweka maksi zake katika kompyuta ya Linux. Kazi ilikuwa ndogo: kila siku saa nane ya usiku, kompyuta inakili maksi zote katika diski nyingine, ili moja ikiharibika ya pili ibaki. Hakuna mwalimu wa kukesha mpaka saa hiyo, lakini mashine haina usingizi.

Mtumishi wa kazi hiyo ni programu iitwayo cron. Ilikuwamo katika toleo la saba la Unix, lililotolewa na Bell Labs ya Marekani mwaka 1979, na hata leo hutumika katika kompyuta nyingi zinazofuata desturi za Unix. Ni kama mpiga kengele wa shule. Kila dakika hutazama saa, husoma orodha yake, na kazi ambayo wakati wake umefika huianzisha. Kisha hungoja dakika nyingine.

Orodha hiyo huandikwa kwa amri crontab -e. Kila kazi ina mstari wake, na mstari huanza kwa nafasi tano: dakika (0 hadi 59), saa (0 hadi 23), tarehe (1 hadi 31), mwezi (1 hadi 12), na siku ya juma (0 hadi 6). Baada ya hizo ndipo huandikwa kazi yenyewe. Nyota mahali pa namba maana yake ni "zote". Basi nikaandika hivi:

0 8 * * * /home/shule/nakili.sh

Nikajisomea: dakika 0, saa nane, kila siku. Nikafunga, nikaenda zangu.

Je, umeliona kosa? Sisi huhesabu saa tangu jua kuchomoza, na Kirundi nacho ni vivyo hivyo. Cron huhesabu tangu saa sita ya usiku, kama Kifaransa cha darasani. Nane yake ni saa mbili yetu ya asubuhi. Kwa hiyo nakala ilifanywa kila asubuhi, kabla walimu hawajaanza kuandika maksi za siku ile.

Ukafika mwisho wa muhula. Walimu waliandika maksi za madarasa matatu mchana kutwa. Alfajiri yake umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu, diski ikafa. Tulipofungua nakala, ilikuwa ya asubuhi ya jana yake, wala haikuwa na maksi hata moja ya kazi ile. Karatasi za mtihani zilikuwa zimekwisha kurudishwa. Waliozitunza walizileta, waliozipoteza walifanya mtihani mara ya pili, pasipo kosa lao. Ningaliandika 2, wasingalisumbuliwa.

Basi shikeni hesabu hii. Kwa saa za mchana, tangu saa moja ya asubuhi mpaka saa kumi na mbili ya jioni, ongeza 6: saa kumi na moja ya jioni ni 17. Kwa saa za usiku, tangu saa moja mpaka saa kumi na mbili ya alfajiri, ongeza 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi, toa 24: nane na 18 ni 26, toa 24, imebaki 2.

Siku nazo zina mtego. Kwetu Jumamosi ni siku ya mosi, lakini cron huiita 6. Jumapili ni 0, Jumatatu ni 1, Ijumaa ni 5.

Tazama pia majira ya mashine. Bujumbura iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja. Aliyeitengeneza kompyuta akiiwekea saa ya Nairobi, kazi zote zitaanza saa moja kabla ya wakati.

Tena, cron haina deni. Kompyuta ikiwa imezimwa wakati wa kazi ulipopita, kazi hiyo imepita. Penye umeme wa kukatika, chagua saa ambayo mashine huwa inafanya kazi, au tumia anacron, ambayo huhesabu siku, na mashine ikiwashwa huifanya kazi iliyokosekana.

Jihadharini pia na amri crontab -r. Hiyo hufuta orodha yote, na mara nyingi pasipo kuuliza. Herufi e na r zimekaa jirani, hata katika kibodi zetu za Kifaransa.

La mwisho ndilo kubwa. Ukimaliza kuandika, usiende zako kama nilivyokwenda mimi. Weka kazi ianze baada ya dakika tano, ukae uone. Kesho yake fungua nakala, utafute ndani yake maksi ya mwisho iliyoandikwa jana. Ukiikuta, hapo waweza kulala.