Gitaa la bei chee linakosa nini?

Chukua Squier Sonic ya umbo la Stratocaster, inayouzwa takriban dola 200 za Marekani, uiweke kando ya Stratocaster ya daraja la American Professional, inayotengenezwa Corona, California, na ambayo huanzia kama dola 1,700. Zikiwa jukwaani, aliyekaa meza ya tatu hawezi kukwambia ipi ni ipi. Umbo ni lile lile lililoingia sokoni mwaka 1954. Urefu wa uzi unaotetemeka ni ule ule, milimita 648. Hata mwenye mali ni mmoja: Fender iliinunua Squier, kampuni ya kutengeneza nyuzi, mwaka 1965, na tangu 1982 jina hilo linabandikwa kwenye magitaa yake ya bei nafuu. Gibson nayo inaitumia Epiphone kwa kazi hiyo hiyo. Sasa hizo dola zaidi ya elfu moja zimekwenda wapi?

Wauzaji watakwambia zimekwenda kwenye mbao. Mimi sishawishiki sana. Gitaa la umeme halitegemei kifua chake kutoa sauti kama gitaa kavu. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, uga wa sumaku unayumba, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, na huo ndio unaosafiri hadi kwenye amplifaya. Ubao una mchango wake, ila ni mdogo kuliko unavyohubiriwa. Brian May wa Queen na baba yake walianza kuunda gitaa lake nyumbani mwaka 1963, shingo wakaichonga kutoka kwenye mbao za meko ya zamani, na ndilo alilopanda nalo jukwaani Wembley kwenye tamasha la Live Aid mwaka 1985.

Pesa zimekwenda kwenye saa za fundi. Mashine inayoongozwa na kompyuta hukata mwili na shingo vizuri tu, iwe Indonesia au Marekani. Njia huachana baada ya mashine kuzimwa. Freti, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kukatiza shingo, zinatakiwa ziwe na kimo kimoja na ncha zake zipigwe msasa zisikwaruze kiganja. Halafu kuna kile kipande cheupe kwenye kichwa cha shingo, chenye mifereji ya kupitishia nyuzi. Mfereji ukiwa mwembamba mno, uzi unakwama. Unazungusha ufunguo, sauti haipandi, unaongeza kidogo, mara “ting!”, uzi umeruka na kupita noti uliyoitaka. Ukiuvuta katikati ya wimbo, haurudi mahali pake. Wengi hulaumu funguo na kukimbilia kununua mpya, kumbe kosa ni huo mfereji. Sugua ncha ya penseli ndani yake, maana grafiti huteleza. Ni dawa ya muda tu. Ya kudumu ni tupa nyembamba ya fundi.

Kwa wapenzi wa dansi kuna hoja ya ziada. Mcharaza solo wa sebene hupanda juu kabisa ya shingo, mara nyingi kuvuka freti ya 12, sauti ikiwa safi bila mkwaruzo wowote, huku gitaa la pili na la rithimu zikipishana naye. Pale juu kila noti iko uchi. Kwa hiyo dukani usiridhike na kodi tatu za freti za mwanzo. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige upate mlio kama wa filimbi, kisha bonyeza pale pale upige tena. Milio miwili lazima ifanane. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, kidaraja kinachoshika uzi huo mwilini kirudishwe nyuma. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Hiyo ni kazi ya bisibisi, isikufanye uliache gitaa.

La kukufanya uliache ni shingo iliyojisokota. Itazame kwa urefu, jicho moja limefumbwa, kama mtu anayelenga shabaha. Shingo iliyopinda tu hurekebishwa kwa kukaza au kulegeza fimbo ya chuma iliyomo ndani. Iliyojisokota humaliza muda wa fundi na fedha zako. Ukiuziwa “Gibson” kwa bei ya kustaajabisha, angalia kifuniko kidogo cha fimbo hiyo pale kichwani. Cha Gibson halisi kina skrubu mbili. Bandia nyingi huwa na tatu.

Anayeanza sioni sababu ya kumpeleka kwenye gitaa la dola 1,700. Mwenye dola 600 anunue Squier au Epiphone, amlipe fundi asawazishe freti na kuchonga mifereji, na kilichobaki akiweke kwenye amplifaya nzuri, maana kwenye spika mbovu hata gitaa la California litalia kama redio ya mkulima. Gitaa la bei mbaya linamfaa anayepiga kila wikiendi kwa malipo, asiye na nafasi ya kutyuni kila baada ya wimbo. Na ukishasetiwa gitaa lako, endelea na nyuzi za unene ule ule aliofunga fundi. Ukibadilisha unene, kazi yote itabidi irudiwe.